Mashini ya karatasi haiwashwi kwa kukata utepe

Kwa Mhariri,

Kuna hoja moja naisikia kila mahali, kwa matatu, kwa kinyozi, kwa redio asubuhi, na hata kwenye kurasa za barua haikosi, ati Kenya tuna miti, tuna vijana wamekaa tu, tuna kiwanda cha karatasi pale Webuye kilichofungwa 2009, sasa kwa nini karatasi ya gazeti na ya vitabu vya watoto itoke ng'ambo? Si mtu aende awashe tu hiyo mashini. Na uchaguzi ukikaribia lazima atokee mheshimiwa wa kuahidi kuiwasha. Mimi nimekula mshahara wa mashini ya karatasi hapa Nairobi miaka mingi, kiwanda sitataja, nilianza nikifagia kule chini kwa basement nikamaliza nikiwa naendesha sehemu ya mbele, na kila nikisikia hilo neno "washa tu" nakosa hata pa kuanzia, kwa hivyo leo nimeamua nianzie kwako.

Watu wengi wanadhani karatasi ni mti uliosagwa ukabanwa. Sivyo. Karatasi ni nyuzi ndogo za mti, za msonobari zina urefu wa milimita 3 hivi na za mkaratusi milimita 1 hivi, zinatawanywa kwa maji mengi mno alafu maji yanatolewa, na vile yanatoka ndivyo nyuzi zinasogeleana na kushikana zenyewe kwa zenyewe bila gundi yoyote. Hiyo ndio siri yote. Ile mashini ndefu ya mita mia na zaidi unayoiona kwa picha kazi yake kubwa ni moja tu, kutoa maji. Wacha nikupe hesabu, mashini hutofautiana lakini hazitofautiani sana. Kilo 1 ya nyuzi inaingia mbele ikiwa na maji kama kilo 199, yaani nusu asilimia ndio nyuzi na zingine zote ni maji, ukiangalia kwa tangi huwezi amini kuna karatasi humo. Ikimaliza kwenye waya, yaani ule wavu wa mbele wa kuchuja, imebaki na maji kilo 4. Ikitoka kwa presi, zile rola za kuibana, imebaki na kilo 1 na kidogo. Ikitoka kwa draya, zile silinda za moto za kukausha, imebaki na gramu 60 hivi, na hiyo ni sawa, karatasi kavu kabisa huvunjika. Sasa angalia vizuri hizo namba. Waya imetoa kilo 195 kwa uzito wa maji yenyewe na kufyonza kidogo. Draya imetoa kilo moja na ushee, haifiki hata asilimia moja ya maji yote, lakini hiyo kilo moja ndio inakula moto karibu wote wa kiwanda kwa sababu haitoki mpaka ichemshwe iwe mvuke. Mtu akikuambia habari ya kufufua kiwanda cha karatasi na hajakuambia mvuke atautoa wapi na kwa bei gani, huyo anakupigia hadithi.

Turudi nyuma kidogo, kabla ya mashini yenyewe. Hapa Nairobi viwanda vya tishu na vya katoni vinategemea sana karatasi kuukuu, ile inaletwa na mikokoteni na pikapu kutoka maofisini, kutoka kwa wapiga chapa wa River Road, kutoka Gikomba, kutoka shuleni mitihani ikiisha. Inatupwa kwa palpa, hilo ni tangi kubwa la chuma lina kisu kinazunguka chini, na maji, na baada ya dakika kadhaa imekuwa rojo. Hapo ndipo shida inaanza maanake rojo haiji peke yake, inakuja na pini za stepla, mchanga, kamba, selotepu, plastiki ya bahasha zile za dirisha, siku moja hata kiatu. Mchanga na pini zinatolewa kwa mabomba yaliyochongoka ambayo rojo inazungushwa ndani kwa kasi, vitu vizito vinatupwa kando na kushuka chini, nyuzi zinatokea juu. Wino nao unatolewa kwa sabuni na hewa, unapuliza viputo vidogo chini ya tangi, wino unashikana na viputo unapanda juu na povu, povu linaondolewa. Lakini gundi, wee! Gundi ya stika na ya selotepu haina adabu. Inalainika kwa joto, inapita kila chujio, inaenda kukaa kwa felti, vile vitambaa vizito vya kufyonza maji, na kwa silinda, na pale imekaa karatasi inatoboka au inakatika. Vikombe vya kahawa navyo watu wanatupa na karatasi wakidhani wamesaidia, vina utando wa plastiki ndani. Nikiona mtu amefunga mzigo mzuri wa karatasi nyeupe za ofisi akauzungushia selotepu mara kumi huwa namwambia afungue na atumie kamba, wengine hunicheka.

Alafu kuna rifaina. Hii haizungumzwi na ndio inaamua nguvu ya karatasi. Ni diski mbili za chuma zenye mikwaruzo, rojo inapita katikati, nyuzi zinasuguliwa zinatoa vinywele vidogo pembeni, na hivyo vinywele ndio vinafanya zishikane. Ukisugua sana karatasi inakuwa ngumu na nzuri lakini maji yanakataa kutoka, mashini inabidi ipunguze mwendo. Ukisugua kidogo maji yanatoka upesi lakini karatasi inachanika ukiiguza. Hapo katikati ndipo fundi anajulikana, na hakuna kompyuta imemaliza hiyo kazi, inasaidia tu.

Sasa mashini. Kwanza ujue jengo lake lina orofa mbili. Juu ndio mashini imekaa, chini ya miguu yake kuna mapipa, pampu, mabomba manene, na matangi ya kupokea karatasi iliyokatika, na juu kabisa kuna kreni inayotembea urefu wote wa ukumbi maanake kila rola ni tani kadhaa na siku ya kubadilisha hakuna mkono wa mtu utaibeba. Mashini ina upande wa kuhudumia ambapo watu wanasimama na upande wa mota ambapo watu hawapiti ovyo. Misingi yake inamwagwa zege zito na fremu zinalazwa zikiwa zimenyooka kwa vipimo vya chini ya milimita, kwa sababu rola moja ikiwa imepinda kidogo tu ukilinganisha na jirani yake karatasi inakunjika upande mmoja au inaenda pembeni siku nzima, na utabadilisha kila kitu ukitafuta makosa na kumbe ni bolti ya msingi.

Mbele kabisa kuna hedboksi. Kazi yake ni kuchukua rojo kutoka kwa bomba la mviringo na kuimwaga kama utepe mwembamba wenye upana wa mashini yote, na iwe sawa kila mahali, katikati na pembeni, hapana donge. Mdomo wake una skrubu ndogondogo upana mzima, ukigusa moja unene unabadilika hapo tu. Rojo inaruka inatua kwa waya. Zamani waya ilikuwa shaba nyeusi kweli, leo ni kitambaa cha poliesta kimefumwa tundu ndogo sana, hakina mwisho, kinazunguka tu. Mwendo wa rojo na mwendo wa waya lazima ukaribiane, ukitofautiana kidogo nyuzi zinalala kufuata mashini. Na kweli zinalala hivyo kwa sehemu kubwa. Chukua hili gazeti mkononi, ukishamaliza kusoma barua yangu lakini, lichane kutoka juu kwenda chini alafu lingine kutoka kushoto kwenda kulia. Upande mmoja utachanika umenyooka, upande wa pili utaenda ovyoovyo. Ule ulionyooka ndio upande karatasi ilikuwa inakimbia kwa mashini.

Chini ya waya kuna vibao na masanduku ya kufyonza, na mwisho kuna rola yenye matundu inavuta maji kwa nguvu ya vakyumu. Sasa juu ya waya kuna kitu fundi wa mbele anaangalia shifti nzima, ule mstari ambapo maji yanang'aa yanaishia na karatasi mbichi inaonekana haina kung'aa tena. Huo mstari unaongea. Ukisogea mbele kuelekea presi ujue maji hayatoki vizuri, labda rifaina imebanwa sana au rojo imepoa. Ukirudi nyuma maji yanatoka haraka mno, karatasi itakuwa na mawingu ukiiweka kwa taa. Ukipinda, yaani upande mmoja uko mbele na mwingine nyuma, hedboksi haimwagi sawa. Nimefanya kazi na vijana wametoka chuo wana vyeti vizuri kabisa, wanaangalia skrini ya kompyuta, mstari umepinda mbele ya macho yao na hawaoni. Sio makosa yao, hakuna mtu aliwaonyesha.

Hii mashini si kitu cha juzi. Kabla yake karatasi ilitengenezwa moja moja, fundi anachota rojo kwa fremu yenye wavu, anatikisa, anageuza kwa kitambaa. Mfaransa anaitwa Louis-Nicolas Robert, aliyekuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha akina Didot pale Essonnes, akachoka na ugomvi wa wale mafundi wa kuchota akabuni wavu usio na mwisho unaozungushwa, akapewa hataza mwaka wa 1799. Wazo likavuka bahari, ndugu wawili wauza karatasi wa London, Henry na Sealy Fourdrinier, wakaweka pesa, injinia Bryan Donkin akaijenga, na kufikia 1803 ilikuwa inafanya kazi pale Frogmore nchini Uingereza. Karatasi ilikuwa bado inakatwa mbichi ikaanikwe, mpaka 1820 Thomas Bonsor Crompton alipopata hataza ya kuikausha kwa silinda za mvuke. Na unajua wenyewe waliishia wapi? Akina Fourdrinier walizamisha pauni 60,000 hivi wakafilisika, na Robert alikufa 1828 akiwa mwalimu wa shule ndogo, maskini. Mashini mpaka leo inaitwa Fourdrinier lakini jina halilipi deni. Tangu siku ya kwanza hii ni biashara inameza pesa ya watu wenye haraka.

Kutoka kwa waya karatasi mbichi inaingia presi, rola mbili nzito zinaibana pamoja na felti, felti inafyonza maji. Hapa kuna jambo moja la ujenzi ambalo hunifurahisha mpaka leo. Rola ndefu ya mita kadhaa ikibanwa inapinda kidogo katikati, huwezi kuizuia, chuma ni chuma. Kwa hivyo inachongwa ikiwa imenenepa katikati kwa kiasi kidogo ambacho jicho halioni, ndio ikipinda ibane sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Ikiisha huo unene kwa kusagika, karatasi inatoka katikati imelowa na pembeni imekauka, unapeleka rola kuchongwa upya, na kama hakuna karakana ya kuichonga karibu unaipandisha meli. Presi ndio mahali pa kuokoa pesa. Kuna kanuni ya kazini, ukiongeza ukavu wa karatasi kwa asilimia 1 pale presi, unapunguza mvuke wa draya kwa asilimia 4 hivi. Nimewahi kuona menejimenti inakataa kununua felti mpya miezi ati ni ghali, huku boila inachoma mali kushinda bei ya felti. Haya tuache.

Draya sasa. Ni silinda za chuma, upana wa duara mita 1.5 au 1.8, mashini kubwa ina 40, 50, hata 60, zimepangwa juu na chini, karatasi inapita juu ya hii chini ya ile mpaka mwisho. Mvuke unaingia ndani ya silinda kupitia kwa ekseli. Mvuke ukitoa joto unageuka maji, na hayo maji lazima yatolewe, maanake silinda ikizunguka kwa kasi yanajipaka ukutani kwa ndani pande zote na kuzuia joto, unaona geji ya mvuke iko juu na karatasi bado inatoka mbichi. Kila silinda ina mrija wake wa kuvuta hayo maji. Ule mrija ukiziba kwa silinda tano huwezi jua kwa macho, unajua kwa bili ya mafuta. Na silinda ni chombo cha presha, haichezewi, inakaguliwa.

Tishu ni habari nyingine kidogo. Hapo silinda ni moja tu kubwa sana, inaweza kufika mita 5 kwa duara, inaitwa Yankee, imesuguliwa inang'aa, karatasi inabandikwa juu yake ikiwa mbichi na kabla haijamaliza mzunguko mmoja imekauka na bleidi inaikwangua. Ule mkwanguo ndio unafanya tishu iwe na mikunjo midogo na iwe laini, ukiangalia karibu utaiona. Bleidi ikichakaa tishu inakuwa na matundu, kazi ya kubadilisha ni ya haraka na joto lake usiniulize.

Kitu kingine watu hawafikirii ni mwendo. Mashini kubwa za gazeti huko nje zina upana wa mita 8 na zaidi na zinakimbia mita 1,500 kwa dakika. Hiyo ni kilomita 90 kwa saa, matatu ya Thika Road iliyofungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 inaachwa na karatasi mbichi. Na sio waya peke yake, kila sehemu ina mota yake na mwendo wake, kwa sababu karatasi ikiwa mbichi inavutika na ikikauka inasinyaa, ukienda mwendo sawa kila mahali inakatika au inalegea ikaanza kupiga makofi. Ikikatika haisimamishwi mashini, rojo inaendelea kumwagika, karatasi inaangushwa kwa tangi lile la chini inakuwa rojo tena inarudi mbele. Kupitisha upya hupitishi upana wote, unakata kamkia kembamba pembeni kwa maji ya presha, kanabebwa na kamba mbili au kupulizwa na hewa mpaka mwisho wa draya, kakishashika ndio unapanua pole pole mpaka upana mzima. Kwa mashini ndogo za zamani kuna mahali watu wanakaingiza kwa mkono. Pale rola mbili zinapokutana hapana kosa la pili, niko na rafiki zangu wawili wanasalimia na mkono wa kushoto.

Sasa turudi kwa swali la karatasi ya gazeti, Mhariri, na hapa huenda usinipende. Karatasi ya gazeti ina uzito wa gramu 45 hivi kwa kila mita mraba. Zidisha mwenyewe, upana mita 8, mita 1,500 kwa dakika, gramu 45, unapata zaidi ya tani 30 kwa saa moja, usiku na mchana, na mashini ya namna hiyo haipendi kusimama wikendi. Nani atainunua yote? Magazeti yetu yanazidi kukonda, watu wanasoma kwa simu. Ukiweka mashini ndogo ya mwendo wa pole badala yake, kila tani inabeba mshahara, boila na stima nyingi kushinda ile ya ng'ambo, na muuzaji wa ng'ambo anakushinda bei hapo hapo bandarini Mombasa. Kwa hivyo karatasi yako itaendelea kutoka nje na mimi sioni aibu yoyote.

Mahali tunaweza ni karatasi ya kufungia vitu. Pakiti za unga, mifuko ya saruji, katoni za maua na parachichi zinazoenda uwanja wa ndege wa JKIA kila usiku, mifuko ya khaki ya dukani ambayo tuliitafuta kweli baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Agosti 2017. Na tishu. Hiyo soko iko hapa, haihitaji meli. Lakini pakiti ya unga inataka nyuzi ndefu, za msonobari, zilizopikwa kwa magadi makali na salfa kwenye nyuzi joto 170 hivi, ile njia ya krafti iliyokuwa ikitumika Webuye, na misonobari ya Turbo ilipandwa kwa ajili hiyo. Karatasi kuukuu peke yake haitoshi, kila ikirudi kwa palpa nyuzi zinakatika zinakuwa fupi, baada ya mara tano hadi saba hazina nguvu tena zinapotelea kwa maji machafu. Kwa hivyo ni lazima nyuzi mpya ziingie kutoka mahali, ukatae kuzipika hapa utazinunua nje zikiwa zimekaushwa kwa marobota. Na kuzipika kuna gharama yake, unapata karatasi nusu ya mti tu, nusu nyingine inatoka kwa maji meusi ambayo lazima uwe na boila maalum ya kuyachoma na kurudisha ile kemikali, bila hiyo boila unaua mto na unafilisika pamoja. Harufu ya salfa watu wa Webuye waliijua vizuri.

Na mashini iliyosimama miaka si mashini iliyolala. Felti zinakauka zinavunjika. Rola zenye mpira zinakaa upande mmoja zinabonyea, hazizunguki tena duara. Beringi zinaliwa na unyevu pale ball imegusa. Silinda za draya zinashika kutu kwa ndani ambapo hakuna anayeangalia, na hizo ndio vyombo vya presha, huwezi kuingiza mvuke kabla ya mkaguzi kuzipima zote moja moja. Mabomba yaliyobaki na rojo ndani yanaoza. Kupaka rangi fremu na kualika kamera ni jioni moja, hayo mengine ni kazi ya mwaka na pesa ambayo hakuna mtu anataka kuitamka jukwaani.

Kwa hivyo ombi langu kwa waandishi wako ni hili. Wakati mwingine mheshimiwa akisimama mbele ya kiwanda chochote cha karatasi na kusema kitaanza mwezi ujao, msimpigie picha tu. Muulizeni boila itachoma nini na tani ngapi. Muulizeni nyuzi ndefu zinatoka shamba gani na miti imebakisha miaka mingapi, maanake msonobari haukui kwa muhula mmoja wa bunge. Muulizeni maji yanayotoka yataenda wapi, kiwanda kizuri siku hizi kinazungusha maji yale yale na hakizidi lita 20,000 za maji safi kwa tani, cha zamani kilikunywa mara tano ya hiyo na kuyamwaga yote. Alafu mwisho mumuulize nani atasimama pale kwa waya kusoma ule mstari, kwa sababu wengi wa waliokuwa wanausoma tushastaafu, wengine wako shamba wengine hatunao tena, na ninavyojua mimi hakuna aliyewahi kuitwa na chuo chochote kufundisha kijana hata mmoja.

Fundi mstaafu,
Baba Dogo, Nairobi